Seti ya kwanza ya gofu: Ununue mtandaoni au uende dukani?

Kama umeanza kuvutiwa na mchezo wa gofu huku ughaibuni na kidole kinakuwasha kubonyeza kitufe cha kununua, subiri kidogo. Mwandishi wa makala haya alibonyeza, na ilimchukua miezi minne kujua alichonunua.

Gofu kwa wengi wetu ni mchezo tuliouona kwa mbali. Ukipita pale Gymkhana Dar es Salaam unaona watu upande wa pili wa ua wanatembea taratibu, nyuma yao kedi amebeba begi. Unajua hao ni mabalozi, wakurugenzi na wakubwa wa serikali, unaendelea na safari yako.

Ukifika Uingereza mambo ni tofauti kidogo. Klabu za wenye nazo zipo, lakini vipo pia viwanja vya halmashauri za miji ambako unalipa pauni zako, unacheza, unaondoka, hakuna anayekuuliza baba yako ni nani. Fundi bomba anacheza, dereva wa basi anacheza. Mimi nilivutwa na jamaa ninayebeba naye maboksi kwenye ghala moja. Jumamosi moja akanipeleka uwanja wa mazoezi, akaniazima fimbo zake. Katika mipira arobaini mmoja uliruka vizuri, na huo mmoja ndio ulioniponza.

Usiku ule ule nikaingia kwenye tovuti ya mnada. Nikaona seti kamili: begi, draiva yenye jina kubwa, fimbo za chuma kuanzia namba 4 mpaka weji, na fimbo ya kusukumia mpira shimoni. Muuzaji alikuwa mtu binafsi, ameweka picha tatu na maelezo ya mistari miwili. Mstari wa pili ulikuwa na alama nisizozielewa, herufi S na "+1". Nikadhani ni mambo ya kiwandani. Nikalipa pauni 180 kwa njia ya benki, nikalala usingizi mnono.

Begi lilifika baada ya siku tatu, zuri kuliko kwenye picha. Shida ilianza uwanjani.

Mara mpira unakwenda chini chini na kukata kulia kama umeitwa. Mara nachimba udongo kabla sijaufikia mpira, viwiko vinauma hadi Jumanne. Nikaangalia video, nikanunua kitabu, nikalipia masomo mawili ya nusu saa. Miezi minne ikapita. Pauni 180 zikawa kama 300 ukijumlisha ndoo za mipira ya mazoezi, na mke wangu alishaanza kuuliza lile begi linakaa sebuleni kwa sababu gani. Nilikuwa nimeamua kuacha. Nilijiambia mchezo huu una wenyewe.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja niliyemsikia akiongea Kiswahili kwenye simu, nafasi mbili kutoka pale nilipokuwa nikipiga. Nikasogea kumsalimia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, bwana mdogo. Nimekuangalia muda mrefu. Hizo fimbo umepewa na nani?"

"Nimenunua kwenye intaneti, mzee."

"Basi umenunua za mtu mwingine."

Mzee huyu ujanani alikuwa kedi Dar es Salaam kabla ya kuja huku. Alichukua fimbo yangu namba 7, hakuipiga, aliigeuza tu na kutazama chini ya kichwa chake. "Angalia hapa," akasema. "Pamechubuka upande wa kisigino peke yake. Ncha ya mbele haijagusa ardhi tangu uinunue. Hii ni fimbo ya mtu mrefu, na wewe Mungu amekuumba hivyo ulivyo."

Mimi nina futi 5 na inchi 5.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba fimbo ya gofu ni kama suti. Duka linaweza kukuuzia ile iliyotundikwa, ikakukaa, lakini fundi cherehani akikupima utaona tofauti. Fimbo namba 7 ya kawaida ya mwanaume ina urefu wa takriban inchi 37, na za wanawake kwa kawaida hupungua kama inchi moja. Ile "+1" niliyoipuuza ilimaanisha kwamba aliyezinunua mwanzo aliomba ziongezwe inchi moja. Nayo herufi S ni ugumu wa mpini. Kuna L ambayo ni laini kabisa na kwa kawaida huwekwa kwenye fimbo za wanawake, kisha A ambayo huuzwa sana kwa wazee, R ya watu wa kawaida, S ngumu, na X ngumu zaidi kwa wenye kasi kubwa ya mkono. Mpini mgumu mikononi mwa mtu asiye na kasi haupindi inavyotakiwa, kichwa cha fimbo kinafika kwenye mpira kikiwa bado kimefunguka, mpira unakwenda chini na kulia. Haya ndiyo yaliyokuwa yananipata kila Jumamosi huku nikijilaumu mwenyewe.

Mzee akanishauri niende dukani nikapimwe kabla ya kutumia hata senti moja nyingine.

Duka nililokwenda ni moja ya yale makubwa yenye vyumba vya kupigia mipira ndani, mbele yako kuna pazia na pembeni kuna mashine inayosoma kasi. Kijana wa duka alianza na futi ya kawaida. Nilisimama wima, mikono imening'inia, akapima kutoka kwenye mkunjo wa kiganja hadi sakafuni. Inchi 32. Majedwali mengi ya watengenezaji huweka urefu wa kawaida kwa mtu mwenye kama inchi 34 hadi 36, kwa hiyo mimi nilihitaji fimbo fupi kwa nusu inchi. Nilikuwa natumia zilizozidi inchi moja na nusu. Ukitaka kujua inchi moja na nusu ni nini, vaa suruali iliyozidi hivyo halafu upande ngazi.

Kisha akabandika utepe chini ya kichwa cha fimbo na kuniambia nipige mpira uliowekwa juu ya kibao kigumu cha plastiki. Alama inayobaki kwenye utepe inaonyesha kama kichwa kinatua sawasawa au kimeinamia upande mmoja. PING, kampuni ya Karsten Solheim iliyoanza kwa fimbo ya kusukumia mwaka 1959, ina utaratibu wa kuweka nukta ya rangi kwenye fimbo zake za chuma kulingana na mlalo huo, nukta nyeusi ikiwa ndiyo kipimo cha kawaida. Ukiona fimbo ya PING mtandaoni ina nukta ya rangi nyingine na muuzaji hajasema kitu, ujue ilipimwa kwa ajili ya mwili wa mtu fulani.

Mwisho nikapiga draiva mara kumi. Mashine ikasoma wastani wa maili 84 kwa saa. "R," akasema kijana, akaandika kwenye karatasi.

Karatasi ile ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote nilivyowahi kununua katika mchezo huu. Ilinigharimu pauni 40. Maduka mengine yanakurudishia hela ya vipimo ukinunua kwao, mengine hayatozi kabisa kwa sababu wanajua ukishapiga draiva mpya mara kumi moyo utalainika.

Na ndivyo walivyojaribu. Baada ya vipimo kijana akanipeleka kwenye ukuta wa fimbo za chuma peke yake, hakuna draiva wala begi, bei inazidi pauni 900. Akaniambia na uso mkavu kwamba ni uwekezaji. Nikamwambia kwetu uwekezaji ni kiwanja Kigamboni. Tukacheka, nikaondoka na karatasi yangu.

Hapa wapo watakaosema si uungwana kupimwa dukani kisha kwenda kununua mtandaoni. Wana hoja. Ukipimwa bure kwa saa nzima halafu ukatoka bila kununua hata glovu, umemtumia mwenzako. Lakini kama umelipia vipimo hamdaiani. Mimi fimbo ya kusukumia niliinunua pale pale, kwa sababu hiyo huwezi kuichagua kwa picha. Ni lazima uishike, uitazame kutoka juu, uone kama jicho lako linaikubali.

Zilizobaki nilizipata mtandaoni, safari hii kwa muuzaji wa mitumba anayejulikana, si mtu binafsi. Hatua hii ina faida ambayo wengi hawaijui. Kwa sheria za Uingereza zilizoanza kutumika Juni 2014, ukinunua kitu kwenye intaneti kutoka kwa mfanyabiashara una siku 14 tangu kukipokea za kubadili mawazo bila kutoa sababu, kisha siku 14 nyingine za kukirudisha. Dukani huna haki hiyo. Ukilipa kwenye kaunta ukafika nyumbani ukagundua umekosea, bidhaa ikiwa nzima, duka likikubali kuichukua ni kwa hiari yake.

Kwa hiyo wanaosema dukani ndiko kwenye usalama na mtandaoni ndiko kwenye hatari wanasema nusu tu. Ila sheria hii ina matundu matatu ambayo mnunuzi wa gofu ni lazima ayajue.

Haimhusu muuzaji binafsi, na mimi nilinunua kwa muuzaji binafsi. Haihusu pia fimbo zilizotengenezwa kwa vipimo vyako, kwa hiyo ukijaza kwenye tovuti urefu wako na rangi ya mshikio uliyoitaka, ukazipata, huwezi kuzirudisha kwa sababu tu hukuzipenda. Na tatu, ukizichukua na kwenda kuzipiga uwanjani siku nzima, muuzaji anaweza kukukata hela kwa sababu umezitumia kupita kiasi cha kuzikagua. Zipime ndani kwa futi, zishike, soma alama kwenye mpini, na usiguse mpira mpaka uwe na uhakika.

Walioko Marekani wasijipe moyo na siku hizo 14. Huko hakuna sheria ya shirikisho inayolazimisha duka kupokea kitu kizima ambacho umebadili mawazo juu yake, iwe ulikinunua mtandaoni au kaunta. Kila duka lina masharti yake na ni juu yako kuyasoma kabla ya kulipa.

Namna ya kulipa nayo ina uzito wake. Mimi nilipeleka hela benki kwa benki na baada ya hapo sikuwa na wa kumshika. Uingereza ukilipa kwa kadi ya mkopo kwa mfanyabiashara, kitu chenye bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi 30,000, kampuni ya kadi inawajibika pamoja na muuzaji kwa sheria ya mwaka 1974. Muuzaji akikwambia utume hela kama unamtumia ndugu ili kukwepa makato, jua kwamba unachokwepa ni ulinzi wako.

Nina rafiki Houston ambaye yeye hakuuziwa fimbo ndefu, aliuziwa fimbo feki. Draiva mpya za kampuni kubwa katika miaka hii zinauzwa dukani kwa karibu dola 600. Yeye aliipata kwenye tovuti moja kwa dola 150, imefungwa kwenye nailoni. Ilipasuka uso wiki ya tatu. Tatizo hili si geni. Mwaka 2004 kampuni kubwa za Marekani, zikiwemo PING, Callaway na TaylorMade, ziliunda kikundi cha pamoja cha kuzisaka fimbo bandia, na kazi hiyo haijaisha hadi leo.

Kama una wasiwasi na draiva uliyonunua, chukua sumaku ya kwenye friji. Uso wa draiva halisi wa siku hizi kwa kawaida ni titani, au kaboni kwa baadhi yake, na vyote hivyo havivutwi na sumaku. Ikinasa usoni, huo ni chuma cha kawaida. Usiiguse kwenye skrubu na vipande vya uzito, hata fimbo halali inaweza kuwa na chuma pale. Tazama pia herufi, zile feki mara nyingi rangi yake imemwagika nje ya mstari. Na ukiambiwa fimbo ni PING, omba namba iliyochongwa shingoni mwa fimbo za chuma kabla ya kulipa, kampuni yenyewe inaweza kuitafuta. Muuzaji mkweli atakupigia picha dakika hiyo hiyo.

Mitumba yenyewe haina aibu. Fimbo za chuma haziozi. Seti ya miaka minane iliyopita iliyotunzwa itampeleka anayeanza mbali kuliko anavyoweza kwenda, na bei yake ni sehemu ndogo ya ile ya mpya. Kinachozeeka ni mshikio wa mpira, ambao fundi anabadilisha kwa pauni chache kila fimbo, na mifereji usoni mwa weji ambayo huisha kwa mchanga. Mpini wa kaboni upitishe mkono taratibu kutafuta ufa. Na hakikisha, tafadhali, kwamba tangazo halina herufi LH kama wewe hupigi kwa mkono wa kushoto. Unacheka, lakini bei inapokuwa nzuri mno mara nyingi sababu ni hiyo.

Wala usinunue nyingi. Kanuni zinaruhusu fimbo zisizozidi 14 kwenye begi, ukomo uliowekwa Marekani mwaka 1938 na kufuatwa na waandaaji wa kanuni kule St Andrews mwaka 1939, lakini hakuna kanuni inayokutaka uwe nazo zote. Mimi nilianza upya na saba: moja ya mbao namba 5, haibridi moja, chuma namba 6, 7 na 9, weji moja, na ile ya kusukumia. Draiva ilisubiri mwaka mzima na sikuikumbuka. Kama hutaki kuhangaika kabisa, zile seti za wanaoanza zinazouzwa zikiwa kamili ndani ya begi, za Wilson au Strata ya Callaway kwa mfano, zinamtosha mtu wa urefu wa kawaida, na hapo dukani au mtandaoni hakuna tofauti kubwa, chagua penye bei nafuu. Ni sisi wafupi sana na wale warefu sana tunaolazimika kupimwa.

Ukiagiza kutoka nchi nyingine piga hesabu hadi mlangoni. Tangu Januari 2021 kifurushi kinachoingia Uingereza kikiwa na thamani ya zaidi ya pauni 135 kinaweza kudaiwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 na ushuru wakati wa kuingia, pamoja na ada ya msafirishaji. Marekani nayo Agosti 2025 ilisimamisha msamaha wa ushuru uliokuwa ukitolewa kwa vifurushi visivyozidi dola 800. Kurudisha mzigo uliovuka mpaka ni shughuli nyingine kabisa.

Neno kwa wale wanaoagizwa fimbo na ndugu walioko nyumbani, maana nimeshaulizwa mara mbili. Usinunue kabla hujapata vipimo viwili kwa simu, urefu wake na ile inchi ya kutoka kwenye mkunjo wa kiganja hadi sakafuni akiwa amevaa viatu vyake vya kawaida. Fimbo ikishafika Dar es Salaam au Mombasa hakuna siku 14 zitakazokusaidia. Draiva nyingi za siku hizi kichwa chake kinafunguliwa kwa ufunguo mdogo, kitoe na ukifunge kwenye nguo katikati ya begi. Mpini wa kaboni ukilaliwa na masanduku ya watu unavunjika. Na uliza shirika la ndege mapema, wengine wanahesabu begi la gofu kama begi la kawaida, wengine wanalitoza peke yake.

Ile seti yangu ya kwanza niliiuza mwezi uliopita, mtandaoni. Safari hii nilipiga picha kumi na mbili na kuandika kila kitu: S, imeongezwa inchi moja, imechubuka upande wa kisigino kwa sababu mwenyewe ni mfupi. Alikuja kuichukua kijana mmoja wa futi 6 na inchi 3, akaomba twende uwanja wa mazoezi aijaribu kwanza. Alipiga namba 7 mara tatu, mipira yote ikaruka juu na kutua katikati. Akanigeukia akaniuliza kwa pauni 140 kwa nini naiuza.